Mkwe Atakaa Wapi?

Pale Miritini, kando ya barabara yanakopumzika malori, kuna kibanda cha mabati kinachonuka gundi, na ndani yake hukaa Nyale, fundi wa viti. Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akivivalisha upya viti vya malori. Dereva hushuka amejishika kiuno, Nyale hukibonyeza kiti kwa kidole gumba, kisha humwambia mwenyewe huwa anaegemea ubavu gani na mkewe amemnunia tangu lini. Hilo la mke alikuwa akibahatisha, lakini madereva waliliamini kuliko lile la ubavu.

Basi alipoalikwa kwenye warsha ya kubuni gari la kesho, Nyale hakushangaa kualikwa. Alishangaa kwamba walikuwa wamechelewa hivyo.

Warsha ilifanyika Frere Town, katika ukumbi wenye feni tatu, moja ikizunguka. Mwongozaji alikuwa Emmaculate, dada mchangamfu aliyetumwa na mradi kutoka Nairobi. Aliwaeleza wakazi kwamba linakuja gari dogo la kuchangia, la watu wanne, lisilo na dereva wala utingo, litakalojua lenyewe nani anakwenda wapi na kuwakusanya pamoja wanaokwenda upande mmoja. Akasema siku hiyo hakuna wazo baya, akawagawia vikaratasi vya manjano waandike ndoto zao wavibandike ukutani. Mzee mmoja aliandika kwamba ndoto yake ni barabara. Kikaratasi chake kilibandikwa chini kabisa, karibu na ndoo ya taka, kwa kuwa barabara ilihesabiwa kuwa lalamiko.

Kisha ukaletwa mchoro. Viti viwili vilitazamana na viti viwili, magoti kwa magoti, ili abiria wazungumze na ujirani ukue. Wote walipiga makofi isipokuwa Nyale. Kwao Kaloleni, kama kwa Wagiriama wengi wanaojiheshimu, mwanamume haketi uso kwa uso na mama mkwe wake. Akimwona njiani hukata kona. Akiwa na neno naye humpitishia mtu wa tatu, hata kama wamesimama hatua tano tu. Katika gari la kawaida mtu humponyoka mkwe kwa kukaa mbele na dereva. Katika hili angeponea wapi? Akachukua kikaratasi akaandika kwa herufi kubwa: Mkwe atakaa wapi?

Emmaculate alikisoma kwa sauti, akakisifu kwa kugusia utamaduni, akakibandika katika sehemu ya ukuta iliyoandikwa Baadaye. Nyale alikuwa tayari kusimama aeleze. Lakini wakati wa chai akafuatwa kando akaambiwa kwamba mradi unamtaka yeye, fundi wa papa hapa, avishe viti vya gari la majaribio. Alirudi Miritini kifua mbele, na habari za mkwe akaziacha huko huko Baadaye.

Ngozi bandia aliyoletewa ilikuwa ngumu, cherehani yake kuukuu ikaikataa. Nyumbani kulikuwa na cherehani nyingine, nzima, ya mkewe Gladys, aliyekuwa akishona sare za kwaya. Jumapili moja Gladys alirudi kutoka kanisani akakuta meza tupu. Nyale alikuwa ameichukua, bila hata kusema hodi kwa mwenye mali. Kwa wiki tatu ile cherehani ilipigishwa kazi ya lori. Ilivunja sindano kumi na moja, ikaanza kukohoa, mwishowe ikanyamaza. Gladys hakugombana. Alikunja leso zake akaenda kwa mamake, Kadzo, mtaa wa nyumba mpya.

Mila ilikuwa wazi: Nyale achukue mzee mmoja wa ukoo, amfuate mke, akubali kosa. Nyale hakwenda. Aliwaambia wateja kwamba mwanamke asiyeyaelewa maendeleo atarudi yatakapomfikia mlangoni. Alilisema hilo kwa sauti ya juu, kisha akakaa peke yake na mkate mkavu. Alimtaka mkewe arudi, alimtaka sana, ila hakujua atamwendeaje bila kukiri kwamba amekosa.

Siku ya majaribio ilipofika, barabara ya nyumba mpya ilifungwa asubuhi na wakazi waliojiandikisha wakapanga foleni. Nyale alivaa shati la Krismasi akaingia wa kwanza, akakaa juu ya kazi ya mikono yake. Gari likateleza kimya kimya, likasimama mbele kidogo, mlango ukafunguka wenyewe. Akaingia mama wa makamo mwenye kikapu cha mabuyu, ameinama asigonge kichwa. Alipoketi na kuinua uso, alikuwa Kadzo. Mlango ulikuwa umeshajifunga.

Gari halikukosea. Liliona watu wawili wanaokwenda upande mmoja, likawaweka pamoja kama lilivyofunzwa.

Kadzo alivuta leso hadi machoni. Nyale aligeuka hata pua ikabanwa na kioo. Kati ya magoti yao palipita kitabu cha nyimbo na si zaidi, kipimo ambacho yeye mwenyewe alikikagua mara mbili kwa utepe na kujisifu. Alitafuta mtu wa kumwambia shusha hapa, hakumwona. Alijipa moyo kwamba safari nzima ni dakika nne.

Ingekuwa nne, lau si mbuzi. Alikuwa amelala katikati ya lami akicheua. Dereva yeyote wa Miritini angeshuka akamtukana mbuzi huyo pamoja na ukoo wa mwenye mbuzi. Gari hili lilikuwa na adabu, likasimama kumngoja amalize. Emmaculate na wahandisi wake walitazama kwa mbali, maana walikuwa wamekubaliana kwamba mtu asiliingilie gari likiwa linafikiri.

Robo saa ikapita. Kadzo akakohoa, akauelekeza uso kwenye kitundu darini ambamo gari huongea na abiria.

"Wewe gari," akasema, "humu ndani mna mtu. Mwambie cherehani ile nilimpa mwanangu siku aliyotoka kwangu."

"Samahani, sijakuelewa," gari likajibu kwa upole. "Je, ungependa kubadilisha kituo?"

Nyale aliona heshima imehifadhiwa, mtu wa tatu alikuwa amepatikana. Akakiambia kioo: "Gari, mwambie mama nimesikia."

"Samahani, sijakuelewa."

"Mwambie," Kadzo akaendelea bila haraka, "sindano huvunjika, na cherehani hutengenezwa. Sikuja kuuliza hayo. Muulize kama alimuuliza Gladys."

Gari likaomba radhi tena. Kwa miezi miwili Nyale alikuwa amemweleza kila dereva jinsi watu wa mradi walivyokisoma kikaratasi chake, wakakisifu, wakafanya walilolitaka. Alikuwa akiumia kwa hilo, na bado linamuuma. Gladys hakupewa hata kikaratasi.

"Gari," akasema hatimaye, "mwambie mama sikumuuliza."

Kadzo alichomoa buyu moja kikapuni, akaliweka juu ya kiti kitupu kilichokuwa kando ya Nyale, akatazama nje. Mbuzi akainuka kwa wakati wake.

Ripoti ya mradi ilitoka na picha. Iliandikwa humo kwamba abiria wa Pwani walizungumza na gari kwa ukunjufu usiotarajiwa, hasa wakirudia neno mwambie, na kwamba viti vya kutazamana vimethibitika kujenga ujirani. Kikaratasi cha Nyale kilionekana katika picha moja, kwa nyuma, bado kiko Baadaye.

Nyale hakuisoma. Jumamosi iliyofuata majaribio alikuwa ameitengeneza cherehani, ameitia mafuta na sindano mpya, na baada ya ibada ya Jumapili akajitwika kichwani, akaongozana na Karisa, ami yake, hadi kwa Kadzo. Karisa alisema uani yote yanayotakiwa na mila, Kadzo akayasikiliza kutoka ndani. Kisha Gladys akatoka. Aliitazama cherehani, akaizungusha gurudumu kwa kidole pale pale kichwani mwa mumewe, akasikiliza inavyolia.

"Niiweke wapi?" Nyale akamuuliza.

Katika miaka yao yote kumi na saba hakuwa amewahi kumuuliza neno kama hilo, na wote wawili walilijua. Gladys akakunja mikono kifuani.

"Ngoja nifikiri," akasema.

Akafikiri kwa muda mrefu kweli, na Nyale akasimama pale juani, shingo ikimuuma, akingoja aambiwe.