Walinzi Waliochelewa

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye benchi la kituo cha afya Mbinga nikisubiri dawa ya presha. Pembeni yangu alikaa bibi wa Mkumbi, kajifunga kanga mbili, anatetemeka. Kipimo chake kilikuwa kimeonyesha korona. Mwanawe akamshika mkono.

"Mama, twende nyumbani. Kwa umri wako kinga haipo tena."

"Ipo, kaka," nesi akamkatiza. "Kila mtu huzaliwa na walinzi mwilini. Kirusi kikiingia wanapiga yowe, homa inapanda. Hiki cha korona huanza kwa kuwaziba midomo. Kwa wazee wanachelewa kuamka, na wakiamka wanaweza kupiga ovyo, hata mapafu yenyewe. Alale hapa tuangalie anavyopumua."

"Atafia hapa hapa," mwana akanong'ona.

Bibi akauchomoa mkono wake. "Walinzi wangu wamechelewa, hawajafa. Wewe nenda ukaanue kahawa, mvua inakuja."

Akaingia wodini kwa miguu yake. Sisi vikongwe wa benchi tukavuta barakoa, tukakaa wima.

Jumamosi hii nimemkuta sokoni akimgombeza muuza dagaa. Enyi wana mnaotuzika kwa mdomo, leteni uji. Matanga yasubiri.