Wimbo Wangu Kinywani mwa Mgeni

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Mtu akinisalimu kwa uchangamfu uliopita kiasi, najiuliza anataka nini. Wajukuu wangu hunicheka, husema bibi akipewa asali huichungulia kwanza asije akakuta nyuki. Wacheke tu. Wao hawakuishi Singida miaka ile baada ya vita, Waingereza wakitawala, ambapo asiyeshuku hakufika mbali.

Miaka hiyo watu walikuwa wakiuawa na simba mashambani, katikati ya mtama uliokomaa. Lakini wengi walisema si simba, ni watu waliovishwa ngozi na kucha, wametumwa na mwenye kisasi chake. Kwa hiyo mgeni akiingia kijijini kwetu alitazamwa mikono kabla ya uso. Hata jirani, ukikutana naye peke yake njiani, ulimwitikia salamu ukiwa umesimama mbali kidogo.

Mimi nilikuwa na shuku nyingine tena, za nyumbani. Mume wangu aliondoka wakati binti yetu hajaanza kutambaa. Alikwenda kwanza Sekenke kwenye dhahabu, maana wenzake wa rika walikuwa wamekwenda na yeye hakutaka kuitwa mchunga ndama. Kutoka huko akajiandikisha manamba, akapakiwa kwenye lori pamoja na vibarua wengine kwenda mashamba ya mkonge, upande wa pwani. Hiyo ndiyo habari ya mwisho tuliyoipata, na aliyetuletea hakumwona kwa macho yake mwenyewe.

Mavuno manne yakapita. Mwaka wa nne shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, akaitisha kikao cha ukoo. Akasema mdogo wake amekufa, mtu mzima haoni aibu kusema lililo wazi. Ngoma za mtemi zikishapita tutamlilia bila mwili, tuvunje matanga, nami ninyolewe nywele nirithiwe. Wa kunirithi ni yeye. Alikuwa na wake wawili tayari, na wote wawili walikuwa wamejifunza kuongea wakitazama chini. Alinitazama kama mtu anavyomtazama ng'ombe wa jirani aliyejiingiza mwenyewe zizini kwake. Nilimchukia tangu siku hiyo, na sijaacha.

Mama mkwe alikuwa pale pale kikaoni akichambua mboga. Hakusema neno. Nikasema moyoni, kumbe na huyu naye yumo. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimeishi naye miaka sita chini ya paa moja la tembe, na muda wote huo hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita "wewe", na siku akiwa na furaha, "wewe hapo".

Ngoma za mtemi zilichezwa kila mwaka baada ya mavuno, mchana kutwa, kwenye uwanja ulio mbele ya baraza lake. Vikundi vilitoka pande zote, hata Iramba, na kikundi kilichoshinda kilipewa beberu. Bwana Shauri, yule Mwingereza wa bomani, alikaa na mke wake chini ya turubai, wakipiga makofi mahali pasipostahili. Mwaka huo lori la Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa mjini lilishusha watu watatu tusiowajua. Wawili walishika magitaa. Wa tatu alikuwa na chupa tupu na msumari wa kuipigia.

Mkubwa wao alivaa koti la jeshi juani. Alituambia kwamba alikuwa askari wa keya, akapigana Burma, na huko alikutana na askari weusi wa Marekani waliopiga gitaa polepole, kama mtu anayelalamika peke yake akiwa kazini. Muziki wao waliuita bluzi. Wanaimba mstari mmoja mara mbili, alisema, halafu unakuja wa tatu kuujibu. Sisi tulimsikiliza huku tumefunga mikono kifuani. Mwanamume mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba hao ni watu wa manamba, wamekuja kutubebea vijana waliobaki. Mwingine akasema ni polisi waliojificha.

Ndipo jirani yangu akanigusa ubavuni.

"Tazama mkono wake wa kulia."

Nikatazama. Kidole gumba na vidole viwili vilivyofuata vilikuwa na kucha ndefu, ngumu, zimegeuka manjano. Mkono wa kushoto kucha zilikatwa fupi kabisa. Mtu gani anafuga kucha mkono mmoja? Leo najua ni za kudonolea nyuzi, mpiga gitaa yeyote angetuambia. Lakini siku ile hapakuwa na mtu aliyewahi kuliona gitaa kwa karibu, ila kila mtu alikuwa amesikia maiti za mashambani zilivyokutwa. Mnong'ono ukazunguka uwanja mzima. Akina mama wakavuta watoto wao nyuma, na mimi nikambeba binti yangu mgongoni ingawa miguu yake ilikuwa inakaribia kufika chini.

Alipiga nyimbo mbili za Kiswahili, za maisha ya kambini. Kisha akasema, "Huu ni wa kwenu," akainamisha kichwa na kuanza kuimba kwa Kinyaturu. Kinyaturu chenyewe kilikuwa kibovu, kila neno alilikanyaga kama mtu anayepita pekupeku kwenye miiba. Ilikuwa wazi hajui anachosema. Maana yake kwa Kiswahili ni hii:

*Mama wa mume wangu ana meno mazuri,*
*mama wa mume wangu ana meno mazuri,*
*ugali wangu anaula, jina langu halijui.*

Watu wakaangua kicheko. Wanawake wote waliutambua papo hapo kuwa ni wimbo wa kusagia. Kwetu mke hamjibu mama mkwe, amkaripie amtukane. Lakini akipiga magoti kwenye jiwe alfajiri kusaga uwele, ataimba atakalo, na hakuna mwenye ruhusa ya kumwuliza ameimba nini. Ya jiweni huishia jiweni. Kila mwanamke alikuwa na wimbo wake aliojitungia, na kuimba wa mwenzako ni sawa na kuvaa nguo yake bila kumwomba.

Ule ulikuwa wangu.

Niliuimba kwa sauti ya chini, miaka miwili, na aliyeusikia ni mume wangu tu, amelala kwenye ngozi upande wa pili wa chumba akijifunika mdomo asicheke. Nilikuwa bado najiambia labda nimesikia vibaya, mgeni akaingia ubeti wa pili:

*Saga polepole, ukuta una masikio,*
*saga polepole, ukuta una masikio,*
*mama akilala nitakuita jina lako.*

Ubeti huo sikuutunga mimi. Aliutunga mume wangu, kunijibu, asubuhi moja ya baridi. Nikaziangalia zile kucha zikitembea kwenye nyuzi, na wazo lililonijia niliseme kama lilivyokuwa. Nilijua kwamba huyu mtu amemuua mume wangu.

Sikumbuki nilivyopita katikati ya watu. Nakumbuka nimelishika lile gitaa shingoni, na nyuzi zikinikata kiganja.

"Mwenye wimbo huu yuko wapi?"

"Dada, huu hauna mwenyewe," alisema. "Kwenye kambi za mkonge kila mtu anauimba."

"Mwongo! Yuko wapi?"

Shemeji yangu hakuchelewa kufika. Akanishika mkono juu ya kiwiko, anacheka ili watu waone ni mambo madogo ya nyumbani. "Umesikia? Hauna mwenyewe. Wanawake wote wanasaga, wanawake wote wanaimba. Twende nyumbani." Lakini watu walikuwa wameshasogea, na wanaume wa kwetu hawaendi ngomani bila fimbo. Mmoja akapiga kelele, "Mwulizeni hizo kucha ni za nini!" Askari wa mtemi akageuka kutazama turubai, lakini viti vilikuwa vitupu. Bwana Shauri na mke wake walikuwa wamekwenda bomani kula.

"Mwachie mkono."

Alikuwa mama mkwe. Alimwambia mwanawe mkubwa maneno hayo mawili, na alipoona hajaniachia akampiga vidoleni kwa mkongojo wake mbele ya kadamnasi. Kisha akawageukia wazee wa ukoo.

"Wimbo huo ni wa mke wa mwanangu. Mwenye meno mazuri ni mimi."

Watu walicheka tena, halafu kicheko kikakatika chenyewe.

"Nimeusikia kila alfajiri," alisema. "Nilikuwa naweka sikio ukutani. Na ule wa pili ni wa mwanangu, nilimsikia siku anautunga. Duniani hakuna mtu mwingine wa kuupeleka huko mkongeni. Ameuimba yeye, kwa mdomo wake. Basi."

Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Miaka yote ile nilikuwa namsema mwanamke huyu, na yeye ananisikia, na hajanikaripia hata siku moja kwa ajili ya wimbo. Sasa ameufichua mbele ya nchi nzima, ameikubali aibu ya kuimbwa na mkwe wake, ili nisinyolewe. Nilimpenda pale pale, kwa ghafla, hata ikaniuma.

Mgeni akasema, "Shikamoo, mama."

Mama mkwe hakumwitikia marahaba. Akamsogelea mpaka ikambidi ainue uso kumtazama.

"Mwanangu yu hai?"

Yule mtu akamtazama. Akazitazama fimbo. Polepole akauingiza mkono wake wa kulia kwenye mfuko wa koti.

"Yu hai, mama. Tuliachana naye wakati wa mvua. Ndiye aliyenifundisha."

Vigelegele vikapasuka, fimbo zikashuka. Baba mdogo wa mume wangu, aliyekuwa mzee kuliko wote ukooni, akasema mwenye mume aliye hai hanyolewi, na asisikie tena habari hiyo. Shemeji akaondoka uwanjani bila kuaga mtu, na wake zake wawili wakamfuata nyuma. Mmoja wao alipopita karibu yangu alinitazama usoni, na mdomo wake ulikuwa unajizuia kucheka.

Mtu mwingine angeridhika. Lakini mimi nimeshasema nilivyo. Wageni walipokuwa wanapanda lori, wakiwa na haraka kuliko walivyokuja, nilimpelekea yule mkubwa kibuyu cha togwa, kama shukrani. Nikamngoja apige funda la kwanza.

"Lile jicho lake la kushoto," nilisema, "bado linamsumbua?"

Akapangusa mdomo.

"Linamsumbua kidogo, dada, siku za vumbi. Lakini anaona."

Mume wangu hakuwahi kuumwa jicho. Alikuwa mtu wa kumwona mbuzi aliyepotea juu ya mwamba wakati sisi wengine hata mwamba wenyewe bado hatujauona.

Nadhani aliona kwenye uso wangu kwamba nimemnasa. Akashusha kibuyu. "Dada, wale watu walikuwa na fimbo," alisema kwa sauti ndogo. "Na yule mama alivyoniuliza... Wimbo niliukuta tu. Huyo mwenyewe, waliomjua walisema kwamba..."

"Usiniambie."

Nikachukua kibuyu changu. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuchokonoa, na siku hiyo, jambo pekee nililohitaji kulijua lilikuwa mdomoni mwa mtu aliyesimama hatua moja kutoka kwangu, nami nikalikataa. Lori likaondoka. Nilisimama mpaka vumbi lake likatulia.

Mama mkwe alikuwa ananingoja njiani.

"Ulimwuliza nini?"

"Kama mwanao ana afya."

"Akasemaje?"

"Hajambo. Jicho linamsumbua kidogo siku za vumbi."

Kwa nini niliongeza hilo la jicho, mpaka leo sijui. Mama wa mtu anajua macho ya mwanawe. Yeye alitembea hatua kadhaa mbele yangu, akasema vumbi la huko lazima ni baya, kisha akaanza kuzungumzia kuni.

Tuliishi pamoja miaka mingine tisa, na nikabaki mke wa mtu katika nyumba ile, hakuna aliyethubutu kunigusa. Lori lolote likisikika alikwenda kusimama mlangoni. Nilijifunza kutomtazama wakati huo. Mara nyingi nilitaka kumwambia, na kila mara niliona afadhali abaki hivyo, nikajiambia angalau mmoja kati yetu ana usingizi.

Alikufa Waingereza wakiwa wamebakiza miaka michache. Siku zake za mwisho alikuwa hawezi kuinuka, nami nilimlisha uji kwa kijiko. Asubuhi moja alinishika mkono kabla kijiko hakijamfika mdomoni.

"Siku ile ya ngoma," alisema, "mimi sikumsadiki yule mwenye kucha. Nilijua anaogopa fimbo. Na habari ya jicho sikuielewa. Lakini wewe, ambaye huisadiki hata mvua ikinyesha, ulitoka kuongea naye ukaniambia hajambo. Nikasema, kama huyu amesadiki, basi ni kweli."

Kijiko kilikuwa bado mkononi mwangu.

"Ni kweli, eti?"

"Ni kweli, mama," nilimwambia, nikamlisha uji uliobaki.