Bodi Iliyokataa Kusoma

Ufunguo wa chumba cha gazeti letu ulikaa mezani kwa mkuu wa wanafunzi, mahali ambapo lazima ningeuona kila nikiingia. Alikuwa ametupa mwezi mmoja: tutafute watu wazima watano wawe bodi ya washauri, la sivyo gazeti lifungwe. Mimi nilikuwa mhariri, mwaka wa tatu, chuo chetu kikiwa Upper Hill, Nairobi. Sikuwa nimeumwa na nyoka bado, kwa hiyo unyasi haukunishtua. Nikasema moyoni, wazee watano tu? Nitamletea kumi.

Kumbe! Watu wa maofisini waliniambia watanipigia simu. Hadi leo nasubiri. Kwa kuhangaika nikapata pasta mmoja mpole, wakili, mwalimu mstaafu na daktari wa meno. Mwenyekiti nilimfuata Riruta, mama aliyesahihisha habari za magazeti miaka mingi na sasa anafuga kuku nyuma ya ploti yake ya nyumba za kupangisha. Kabla hajanikaribisha chai alitoa kalamu nyekundu akaishambulia barua yangu ya mwaliko. "Mheshimiwa" nne zikakatwa.

"Nitakuja," akasema. "Lakini mimi sisomi stori kabla itoke. Umeskia?"

"Nimeskia, Mama."

Sikuwa nimesikia chochote. Nilikuwa nafurahi kwamba watano wametimia; kesho yake nilimpelekea mkuu majina yao, akanirudishia ufunguo.

Acha niseme kilichokuwa kikinila. Jumamosi moja mchana mwenzangu wa chumbani alibanwa na pumu, na zahanati ya chuo ilikuwa imefungwa kama kila wikendi. Tulipanda bodaboda hadi hospitali kuu, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Alipona. Nikaandika habari hiyo kwa hasira, na nesi wa chuo nikamfanya mchawi. Kisha hasira ikapoa, woga ukaingia. Kwetu mimi ndiye wa kwanza kufika chuo, na nikiichapisha huenda nikafukuzwa. Nilitaka mtu mzima aweke sahihi yake pale chini, ili mambo yakiharibika nimwonyeshe mkuu kwamba si mimi.

Mkutano wa kwanza tulifanyia kwenye hoteli ndogo pale Adams Arcade. Mimi nimelelewa vizuri, hufanyi jambo kubwa kabla wakubwa hawajalibariki. Kwa hiyo niliwahi kufika, nikaweka nakala ya habari kando ya kila kikombe, na nafasi ya sahihi nimeipigia mstari. Pasta akafungua kwa maombi, mandazi yakazunguka, nikasimama kuomba baraka zao. Wallahi nilijiona mtoto mwenye adabu kuliko wote Nairobi.

Pasta alikuwa ameshaanza kusoma. "Ni nzuri, lakini hapa kwa nesi tungelainisha kidogo..."

"Pasta, geuza," akasema mwenyekiti. Nakala yake alikuwa ameilaza kifudifudi bila kuitazama. "Nyinyi wote, geuzeni hizo karatasi."

Wakageuza, hata wakili. Masikio yakaniwaka moto.

"Lakini Mama, si nyinyi ndio washauri?"

"Ndiyo. Leo ukitupa tusome, tutakwambia toa hapa. Kesho mkuu wenu atatupigia, tutakwambia toa yote. Wewe hutaki bodi, unataka mahali pa kujificha." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Uliza ushauri, tutakupa."

Nikaanza kuzikusanya zile nakala. Akaniuliza yeye: "Huyo nesi alikwambia nini?"

Nilikaa chini. Nilikuwa nimeuzunguka mji mzima nikitafuta sahihi za watu watano, na nesi, ambaye mlango wake naupita kila siku nikienda darasani, sikuwa nimemuuliza hata neno moja.

Jumatatu nikabisha hodi. Nesi alinipa kiti na jambo la kwanza akauliza hali ya mwenzangu. Alikuwa peke yake tangu nesi mwenzake astaafu, akaniambia, kisha akanionyesha barua tatu alizoandika kuomba mtu wa wikendi. Hazikuwa zimejibiwa. Nilimhurumia, na nikaona aibu kwa yale niliyokuwa nimeandika juu yake. Nikaandika upya tangu mwanzo. Mkuu wa wanafunzi nikampelekea maswali yangu kwa maandishi. Alisema ana shughuli.

Gazeti lilipotoka akaniita. Orodha ya bodi ilikuwa mbele yake, kidole kikipanda na kushuka kwenye majina.

"Ni nani kati ya hawa aliyepitisha hii stori?"

Ningeweza kutaja yeyote. Pasta, kwa upole wake, pengine angenikingia kifua.

"Hakuna, sir. Hawakuisoma. Niliipitisha mimi."

Alinitazama, akarudi kwenye ukurasa, akasoma tena ile sehemu ya barua tatu. Kisha akaniambia niende. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na hakuuomba.

Jioni hiyo nilimpelekea mwenyekiti nakala yake Riruta. Nilimkuta akifungia kuku. Alinawa mikono, akavaa miwani, akasoma habari yote mlangoni mimi nimesimama kando yake kama mshtakiwa. Alipomaliza akatoa ile kalamu nyekundu.

"Leta kiti," akasema. "Sasa naweza kukushauri."