Shingo ya Binti Yangu

Huku kwetu chini ya Mlima Meru, zamani rovu halikumshtua mtu. Mama yangu alikuwa nalo, kubwa kama ngumi, likitikisika kila alipocheka, na sisi watoto tulidhani mwanamke akizeeka ndivyo shingo inavyokuwa. Kwa hiyo nilipoliona kwa binti yangu sikungoja daktari aniambie ni kitu gani. Shida ni kwamba binti yangu alikuwa akila kwa koo hilohilo.

Alikuwa mwimbaji. Alianzia kwaya ya usharika, sauti ya kwanza. Halafu biashara zikafunguliwa, watalii wakajaa mjini Arusha, hoteli zikatafuta bendi. Walitaka soul, ule muziki wa taratibu wa Wamarekani weusi, mtu anavuta neno moja mpaka unajiuliza kama atapumua tena. Akajifunza kwenye kaseti. Baadaye akaanza kutunga zake kwa Kiswahili, na hizo ndizo zilizompa jina. Wimbo wake wa kwanza ulimhusu mama muuza maziwa anayetia maji. Jirani yangu akanijia amefura.

"Mwanao ananitangaza mjini!"

"Kwani wewe unatia maji?"

"Mimi? Thubutu!"

"Basi si wewe. Karibu ukae."

Hakukaa.

Mimi kazi ya hoteli sikuipenda, na nilimwambia usoni. Lakini bati za nyumba hii zilitoka kwenye koo lile, nami nalala pakavu mvua ikinyesha. Nikapunguza maneno.

Ndipo akaanza kuja nyumbani amefunga kitambaa shingoni, jua kali, jasho linamtiririka.

"Kifungue upate hewa."

"Ni fasheni, mama."

Na kweli ikawa fasheni. Ngaramtoni siku ya soko niliwaona wasichana wakigombania vitambaa kwenye mitumba, wanajifunga shingo kama yeye. Wanaiga ugonjwa na hawajui. Siku moja alibeba mkungu wa ndizi kupandisha kutoka mgombani, akafika mlangoni anapumua kwa mluzi kama birika linalochemka. Sikuuliza tena. Nilikivuta kile kitambaa mwenyewe.

Tulikwenda hospitali pamoja. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, aliniamkia kwanza ndipo akamshika yeye shingo. Hakutuficha kitu. Alisema uvimbe unabana njia ya hewa na utaendelea kubana usipopasuliwa. Akasema pia kwamba mshipa wa fahamu unaoongoza sauti unapita nyuma yake palepale, na wakati wa kukata unaweza kuumia.

"Ukiumia?" binti yangu akauliza.

"Sauti inaweza kubaki ya kukwaruza. Au isirudi kama zamani."

Akainuka, akachukua mkoba wake, akaenda zake Lemara alikokuwa amepanga chumba.

Nilimwacha siku mbili tatu, halafu nikamfuata. Nilijitwika mkungu wa ndizi ili asiseme nimekuja kugombana. Nilimkuta amekaa kitandani. Nikatafuta kisu, nikaanza kumenya.

"Mama, nikikosa sauti mimi ni nani?"

"Utakuwa mtoto wangu asiye na sauti. Ukikosa pumzi utakuwa jina kwenye msalaba."

"Unaongea hivyo kwa sababu hukuupenda muziki wangu."

"Sikuupenda. Na wewe ulikuwa hupendi kulima, mbona ulikula?"

Akalia. Mimi nikaendelea kumenya, maana mtu akilia lazima baadaye ale. Mwisho akasema, "Basi niombee."

"Nimeshaomba. Vaa viatu."

Wakampasua. Alitoka hai, na hilo peke yake lilinishusha mzigo mkubwa. Usingizi wake ulikuwa wa kimya, ule mluzi haupo. Lakini alipofungua mdomo, ulitoka upepo tu, kama upepo wa chini ya mlango. Daktari akasema tusimlazimishe, tungoje. Nikamleta huku mlimani. Nikamlisha loshoro, maana mahindi na ndizi vikilainika ndani ya maziwa mgando havigombani na kidonda. Akinitaka alipiga makofi. Nilikuwa nimemzaa mtoto asiyenyamaza, sasa nyumba ilikuwa kimya mpaka nasikia kuku wakitembea.

Akaja mama mmoja wa usharika kutoa pole. Akakaa, akanywa chai, akasema pengine Mungu ameifunga sauti ya dunia ili binti atubu. Binti yangu akatazama chini.

Nikamwambia yule mama, "Chai yako imekwisha. Nyumbani kwako wanakungoja."

Wiki zikapita. Nilikuwa jikoni nimebandika ndizi, yeye yuko uani. Nguo zilikuwa zimeanikwa, na kati yake lile gauni lake jekundu la jukwaani. Mara nikasikia:

"Weee! Toka! Mbuzi mshenzi wewe!"

Niliangusha mwiko. Nilipotoka, mbuzi alikuwa ameuma pindo la gauni anatafuna, na binti yangu amesimama ameshika koo kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

"Rudia," nikamwambia.

"Nirudie nini?"

"Mtukane tena."

Akamtukana. Akamtukana yeye, na mama yake, na ukoo wake wote mpaka Monduli. Sauti ilikuwa nene, imekwaruzika pembeni, lakini ilikuwa sauti, jirani aliisikia akachungulia. Mbuzi hakujali, aliendelea kutafuna. Nikakaa palepale kwenye majani nikicheka mpaka machozi.

Akakaa karibu yangu, akajaribu kupandisha. Ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika palepale.

"Haifiki juu, mama."

"Basi imba ya chini. Nani alikuambia watu wote wanakaa juu?"

Na ndivyo alivyofanya. Nyimbo zake zote alizishusha, na nyingine akazitunga upya kwa koo alilobaki nalo, na mpaka leo anakula kwa hizo. Wanaojua muziki wanasema sasa ndipo anaimba soul kweli. Mimi hayo siyajui.

Siku ile alijaribu moja hapo uani, taratibu, kutoka mwanzo mpaka mwisho, nami sikuinuka mpaka alipomaliza. Ndizi ziliungua. Tulipakua za juu, tukala.