Jina Lililobaki Kifundoni

Nawasimulia kwa sababu Kabuchai nzima tayari inajua. Nilikuwa na tatoo mbili, shingoni na kwenye kifundo cha mguu, zote jina la Nasimiyu, msichana wangu wa zamani. Mchumba wangu Nekesa alisema hakuna harusi mpaka zitoke. Nikawa natoka Kitale kwenda Nairobi kuchomwa leza. Ya shingoni ikaisha. Ya mguuni ikakataa. Daktari akasema huko chini damu huzunguka polepole, kwa hivyo wino huchelewa kutoka. Nikachoka na safari. Nikamwonyesha Nekesa shingo, nikamwambia zote zimetoka, nikawa mtu wa soksi.

Alhamisi Kuu, parokia ya kwao Kabuchai ikanichagua niwe kati ya wanaume wa kuoshwa miguu na padri. Kabla ya misa nikapaka kifundo poda nzito. Nilifikiria kila kitu isipokuwa maji.

Padri akapiga magoti, akanimwagia maji, akaona weusi, akadhani ni matope. Akasugua. "Hii haitoki, bana," akasema, na maikrofoni iko kifuani. Kisha akasoma polepole: "Na-si-mi-yu."

Kwenye benchi la mbele, mama mkwe akamgeukia binti yake.

"Ati Nasimiyu? Si wewe ni Nekesa?"