Nguo ya Mashindano ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa fundi wa lifti, na mtaani walimwita Waya, kwa kazi yake na kwa wembamba wake. Mwenyewe aliliitikia jina hilo bila kinyongo. Amefariki akiwa na miaka arobaini na mmoja, Mungu amrehemu. Mimi ni dada yake mkubwa, fundi cherehani, na ndimi niliyemlea baada ya mama yetu kuondoka duniani.

Miaka mitatu kabla ya kufa alianza mazoezi ya triathloni, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, vyote mfululizo. Mji wetu ni mkubwa, joto lake halina huruma, na umelala kama mkeka, kilima hakuna. Waya alijitafutia vilima vyake. Alfajiri, kabla jua halijaanza kuchapa, alikuwa akipanda na kushuka kwa baiskeli kwenye daraja la barabara kuu, mara ishirini. Kazini alitengeneza lifti lakini ghorofani alipanda kwa ngazi, na walinzi wakamtania kwamba ni mpishi anayekiogopa chungu chake. Kuogelea alijifunza kila Jumamosi kwenye bwawa la shule moja. Mtunza bwawa alimwanzisha kwa kupuliza mapovu, mtu mzima na ndevu zake.

Mimi nilimwonea aibu. Nilimwambia afadhali nguvu hizo angezileta kwenye ibada. Akacheka, akasema hata Mungu anajua yeye huamkia wapi kila alfajiri.

Wiki mbili kabla ya mashindano yake ya kwanza aliniletea nguo ya mtumba, kipande kimoja, ya kubana kuanzia shingoni hadi mapajani. Mshindani huogelea nayo, akapanda nayo baiskeli, akakimbia nayo, bila kupoteza muda kubadilisha. Zipu ya mgongoni ilikuwa imeharibika. Akaniomba nimtafutie zipu nyingine.

Niliipata siku ya tatu. Nilikuwa nimeshafumua ile mbovu, nguo imetandazwa mezani, alipoingia mwenyekiti wa kina mama wenzangu wa ibada kuchukua gauni lake. Akaiinua kwa vidole viwili.

"Makubwa. Hii ni nguo au ngozi ya mtu?"

"Ya mteja tu," nikasema.

"Basi mwambie mteja wako ajifunike. Asije akatupita barabarani na hicho kitu tukakosa pa kutazama."

Tukacheka sote wawili, na mimi nikacheka zaidi. Alipotoka niliikunja ile nguo, nikaitia kwenye droo pamoja na zipu yake mpya, nikafunga. Waya alipokuja nilimwambia zipu ya urefu ule haipatikani mji mzima. Akauliza kama nilifika maduka ya jumla. Nikasema nilifika. Akanishukuru kwa usumbufu.

Mashindano yalifanyika ziwani, nje ya mji. Sikwenda. Alivaa kaptura na fulana yake ya mazoezi, maana kifua wazi hakikuruhusiwa, na fulana ilijaa maji ikamvuta nyuma kama gunia. Kanuni iliwapa waogeleaji dakika thelathini. Waya alitoka majini dakika ya thelathini na mbili, akazuiwa asiifikie baiskeli yake. Akakaa chini kuwatazama wenzake wakiondoka.

Jioni alipita kwangu. Alinieleza yote kwa utulivu, kisha akaniona nimeinama.

"Usijilaumu, dada. Ulihangaika."

"Nilihangaika kweli," nikamjibu, nikaenda kumpakulia chakula.

Uongo wa kwanza niliusema kwa aibu. Huo wa pili sijui niuite nini.

Tangu siku hiyo hakwenda tena bwawani, wala darajani. Nilidhani amepata akili za utu uzima, na nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwa hilo. Miezi mitano baadaye homa ilimshika, na siku ya nne tukamzika. Wasifu wake niliuandika mimi. Kuhusu michezo niliandika maneno mawili: alipenda mazoezi.

Baada ya mazishi mtunza bwawa alikuja nyumbani kutoa pole. Alisema alimngoja Waya kila Jumamosi, hata akamfuata kazini kumbembeleza arudi. Waya akamjibu kwamba maji yamemkataa, mwili wake si wa majini, na amechoka kujidanganya.

"Nami nilikuwa nikimpima kwa saa yangu," alisema mtunza bwawa. "Pale bwawani, akiwa na kaptura tu, umbali ule wa mashindano aliumaliza kwa dakika ishirini na sita. Sikuelewa kilichomkuta ziwani."

Nikamwambia. Nilimweleza habari ya droo, ya zipu, na ya mwenyekiti. Sikuwa nimemwambia mtu mwingine. Alinisikiliza akiwa ameshika kofia yake magotini.

"Dada," akasema, "hayo ungemwambia yeye."

Nikamjibu kwamba najua.