Mkalimani wa Televisheni ya Jirani

Wanangu wana king'amuzi chenye chaneli nyingi kuliko watakavyoweza kuzitazama mpaka wazeeke, na bado kila Jumamosi nawasikia wakilalamika kwamba hakuna cha kutazama. Nikiwaambia kwamba nilikulia bara wakati bara zima halikuwa na kituo chake hata kimoja cha televisheni, wananiangalia kwa huruma. Nikiongeza kwamba hata hivyo sisi wa Tunduma tulikuwa tunatazama televisheni kila jioni, hapo huruma inaisha na wananiona mwongo.

Sikuwa mwongo. Mwongo alikuwa baba yangu, Mungu amrehemu.

Visiwani walikuwa na kituo chao, lakini Unguja ni mbali, na mawimbi yake hayakuwa na habari na sisi. Jirani yetu alikuwa Zambia. Unavuka barabara uko Nakonde, unanunua sukari, unamsalimia shangazi, unarudi nyumbani kabla uji haujapoa. Picha za Zambia nazo zilivuka hivyo hivyo, bila kugongewa muhuri. Enzi za ruksa zilipoanza na watu wakaruhusiwa kuingiza vitu, baba alinunua televisheni ndogo nyeusi na nyeupe, akaifunga kwenye betri ya lori, akasimamisha antena juu ya mti mrefu wa mkaratusi aliousafirisha kutoka Isansa. Mama alitaka mti ule uwe boriti ya jiko. Hakusamehe, na kila picha ilipojaa chenga alisema ni mti ndio unaodai jiko lake.

Matokeo yake tulikua tukiwa raia wa upande huu na watazamaji wa upande ule. Nilipokuwa darasa la tano mwalimu alituambia tuchore bendera ya taifa, nami nikachora kwa uangalifu mkubwa, nikamweka na tai wa Zambia pale juu, mabawa wazi. Nilichapwa viboko viwili. Ninavyoamini mpaka leo, kimoja kilikuwa cha kosa na kingine kilikuwa cha tai, maana alitoka vizuri.

Baba alikuwa fundi cherehani na balozi wa nyumba kumi. Kwa wasiojua, balozi ndiye aliyekuwa chama na serikali kwenye mtaa: mke akipigwa anakimbilia kwake, mbuzi akila mahindi ya mtu kesi inaletwa kwake. Mshahara hana. Alichonacho ni kwamba akisema jambo, watu kumi na nyumba zao wanaliamini. Baba alikilinda kitu hicho kuliko cherehani yake, na kilichokikuza zaidi ilikuwa televisheni, kwa sababu televisheni ilisema Kiingereza na mtaani kwetu mwenye Kiingereza alikuwa yeye peke yake.

Basi ikifika saa mbili kwetu, ambayo kwao ni saa moja, uani panajaa. Kila mtu na kigoda chake. Wanyamwanga wenye ndugu pande zote mbili mbele, wapangaji kutoka Ndalambo nyuma yao, na pembeni kabisa, kwenye kiti cha kukunja alichokuja nacho mwenyewe, mzee mmoja wa duka la vitenge, Mwislamu aliyehamia kutoka Kigoma, ambaye hakuamini kitu chochote asichokishika kwa mkono. Msomaji wa habari anasema sentensi tatu. Baba, amesimama kando ya televisheni na fimbo ya kupimia nguo mkononi, anasema sentensi sita.

Nilimwona baba yangu kuwa mtu mwenye akili kuliko wote duniani. Kisha nikapelekwa sekondari ya bweni, nikafundishwa Kiingereza.

Nilirudi nikiwa kidato cha pili, mwezi wa Oktoba, kwa sababu maji ya shule yalikauka na tukaambiwa twende makwetu mpaka mvua inyeshe. Jioni ya kwanza nikakaa uani na wenzangu. Kwenye kioo alitokea waziri akitembelea zahanati, ananawa mikono kwenye beseni. Msomaji akasema, kwa maneno mepesi kabisa ambayo hata mimi niliyaelewa, kwamba dawa zimepungua.

Baba akanyoosha fimbo. "Huyu waziri amealikwa chakula. Amekula, ameshiba, sasa ananawa. Anawashukuru wapishi."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilidhani sikusikia vizuri. Ikaja habari ya daraja. Baba akasema ni harusi. Ikaja habari ya bei ya mahindi. Baba akasema serikali inawakumbusha wananchi wasile mahindi mabichi. Nikamgeukia mama. Mama alikuwa anachambua maharage kwa bidii isiyo ya kawaida, kichwa chini, mabega yanatikisika.

Kesho yake jikoni akanieleza. Ujanani baba alifanya kazi Kitwe, kule Zambia, jikoni kwa Mzungu wa migodi. Kiingereza chake chote kilitoka humo: sahani, vijiko, moto, haraka, samahani. Mengine aliyasoma kwenye picha na kuyapika mwenyewe.

"Na wewe uliyajua haya tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu siku ya kwanza. Unafikiri mimi natazama televisheni? Namtazama baba yako." Kisha akaacha kucheka. "Lakini ukimuumbua mbele ya watu, hawatakuja tena kwake na jambo lolote. Utakuwa umemuua akiwa hai."

Nikafunga mdomo. Mwezi ule haukuwa mwezi wa kufunga mdomo, kwa sababu Zambia walikuwa wanaingia kwenye uchaguzi wa vyama vingi, na Tunduma nzima ilikuwa inapiga kampeni kwenye nchi isiyokuwa yake. Watu walinuniana sokoni kwa ajili ya wagombea wasioweza kuwapigia kura. Baba alikuwa na wake: rais wao wa siku nyingi. Alimpenda kwa sababu ujanani, kule Kitwe, aliwahi kumwona, na kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa balozi wa chama tawala cha hapa, na hakuweza kufikiria chama tawala kikiondoka. Kikiondoka kinakwenda wapi? Na kwetu maneno ya vyama vingi yalikuwa yameshaanza kunong'onwa; viongozi walituambia vyama vingi ni vita, na baba aliyapokea hayo kwa moyo wake wote.

Siku kura zilipoanza kuhesabiwa, takwimu zilipita kwenye kioo. Mimi nilizisoma. Mzee wao alikuwa anashindwa vibaya, karibu kila mahali.

"Anaongoza," baba akasema. "Kila jimbo. Hapa, anaongoza. Na hapa pia."

"Mbona msomaji ana uso wa msiba?" akauliza mzee wa vitenge.

"Mume wake yuko upinzani," baba akajibu papo hapo, na uani wote ukamhurumia yule dada. Siku ya pili akatoa ushindi mkubwa zaidi. Watu walishangilia, akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikacheka mpaka machozi, kisha nikaogopa, kwa sababu nilijua picha ya mwisho inakuja na baba hataweza kuifanya kuwa harusi.

Ilikuja. Mzee wao alitokea peke yake, akaitazama kamera, akazungumza polepole. Alikuwa anakubali kwamba ameshindwa. Hata mtu asiye na neno moja la Kiingereza angeona kuna kitu kinaagwa pale. Baba alisimama na fimbo yake, hakuinyoosha.

"Balozi," akasema mzee wa vitenge, "huyu anasemaje?"

Baba akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza nikafahamu kwamba alijua kuwa najua. "Leo masikio yangu yameziba," akasema. "Binti yuko sekondari. Aseme yeye."

Wote wakanigeukia. Niliona uso wa mama. Nikasimama na nikafanya nilichoona ni upendo. "Anawashukuru," nikasema. "Anawashukuru wananchi kwa ushindi. Anasema ataendelea..."

"Hapana," baba akanikatiza.

Alisema kwa sauti ndogo, halafu akairudia kwa sauti ya balozi. "Hapana, mwanangu. Kaa chini. Hilo lililokaa kinywani mwako ni langu, na sitaki ulibebe." Akawageukia watu. "Ameshindwa. Anaaga, anakwenda nyumbani kwake."

Mzee wa vitenge aliinama mbele kwenye kiti chake. "Sasa zile kura za juzi na jana, Balozi? Zile alizoongoza?"

"Zile," baba akasema, "nilizipiga mimi mwenyewe."

Mzee wa vitenge akaanza kucheka, akacheka mpaka kile kiti cha kukunja kikajikunja naye ndani, na uani wote ukamfuata. Mtu akauliza kwa sauti habari za waziri aliyeshiba, mwingine akadai arudishiwe harusi yake. Baba alicheka nao, lakini nilimwona akiiweka ile fimbo chini, taratibu, na hakuiokota tena.

Kwenye kioo, nyuma ya kicheko chetu, mtu alikuwa amenyang'anywa nchi kwa karatasi za kura, na hakuna nyumba iliyoungua. Hilo halikuhitaji mkalimani. Watu waliliona, na wiki zilizofuata nililisikia likizungumzwa sokoni kwa sauti ya kawaida kabisa.

Siku tatu hakuna aliyekuja kwa baba na kesi. Tulisikia wawili wenye ugomvi wa mpaka wa shamba wamepita mlangoni kwetu wakaenda kwa balozi wa nyumba za jirani. Baba alishona suruali moja siku tatu.

Siku ya nne akaja mzee wa vitenge. Alitaka barua ya utambulisho ili asafiri. Baba akaacha cherehani, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa zamani, akavuta muhuri. Mzee akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Samahani, Balozi. Binti aisome kwanza."

Nilitamani ardhi inimeze. Baba hakukasirika. Alinipa ile karatasi kwa mikono miwili, kama mgeni anavyopewa chakula, akasimama wima kando yangu akisubiri. Nami nikaisoma kwa sauti, polepole kuliko ilivyohitajika, neno kwa neno, ili mtaa mzima usikie kwamba hakukuwa na kosa.